Glasi ya Divai Aliyoikataa Émérance

Saa moja asubuhi, mtaa wa Songo, Uvira. Mkasi umelala juu ya meza. Émérance Nduwimana, mshonaji, anakanyaga cherehani yake barazani akipunguza suruali ya mtu wa bandarini, huku akimfuata kila mpita njia kwa macho mpaka apotee kwenye kona.

Nyuma yake, juu ya kiti, kuna majora ya kitambaa cha buluu. Ni sare za kwaya ya akina mama, za sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane. Wiki nzima kitambaa kimekaa hapo bila kukatwa.

"Nikikata, watasema nimekata makusudi ili kisirudi," anasema. "Basi ninakiacha vile. Hapa watu wananitafutia sababu."

Aliyekileta ni Charlotte, kiongozi wa kwaya. Sasa Charlotte huyo huyo ametuma neno: Émérance amwombe radhi Marcellin, mume wa Charlotte, kabla ya kesho Jumapili. Asipoomba, kitambaa kitahamia kwa mshonaji mwingine.

Kwa Émérance hiyo si kazi ndogo. Kwa faida ya kazi hiyo alikusudia kukodi chumba chenye mlango na kufuli kabla mvua hazijarudi. Barazani, mvua ikipiga upande, cherehani inafunikwa na kazi inasimama. Msimu uliopita maji yaliharibu gauni la bibi harusi, akashona lingine kwa gharama yake.

Ugomvi wote umetoka kwenye chupa moja ya divai.

Tangu serikali ya Wabelgiji iwaruhusu Waafrika kununua divai dukani, kundi la marafiki hukutana Jumapili baada ya misa, nyumba hadi nyumba kwa zamu. Kuna Marcellin, karani wa ghala, na Charlotte. Kuna Gratien, muuguzi, na mkewe Ernestine. Na kuna Émérance, ambaye aliingia humo pamoja na mumewe, mwalimu, na akabaki baada ya mumewe kufa.

Mwenye zamu hutoa chupa ya Ufaransa, na kila mmoja lazima aseme ameonja nini. Anayesema "nzuri" tu anazomewa.

Kuhusu divai ya Bordeaux, Gratien alisema: "Hii inanuka sakristia. Mishumaa, kabati ya zamani, na padri mwenyewe."

Ernestine alikataa. "Sakristia gani? Minye ninaonja maharage yaliyoungua chini ya sufuria."

Divai ya Beaujolais ilimpendeza Émérance: "Iko kama mapera yaliyoshinda ndani ya kikapu. Ongeza."

Marcellin, kila chupa, husema neno moja alilolisikia mezani kwa bosi wake Mzungu: "Hii iko na mwili." Na kila mara Gratien humuuliza: "Mwili wa nani, ndugu yangu? Wa mwanamke ao wa ng'ombe?"

Siku ya Pentekoste, Jumapili iliyopita, zamu ilikuwa ya Marcellin. Alisifia chupa yake tangu mlangoni: divai nyekundu ya Bourgogne, ambayo hawajawahi kuionja. Kisha akaingia chumba cha ndani, akatoka nayo. Kizibo kilikuwa kimekwisha kung'olewa na kurudishwa juu juu kwa kidole.

Akamiminia Émérance wa kwanza. "Heshima kwa mama mjane," akasema. Akawamiminia na wengine; yeye mwenyewe hakuonja.

Émérance ni mtu wa Katogota, katika bonde la Ruzizi. Kwao, mwenye pombe hufungua mtungi mbele ya macho ya wageni, na hunywa yeye kwanza kuonyesha haina sumu, ndipo hupitisha mrija wa kunywea. Mtoto wa Katogota hujifunza hilo kabla hajajua kusoma. Charlotte anatoka Kiringye, kijiji cha bonde hilo hilo, na desturi ni hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo Émérance halizungumzii sana. Mumewe aliugua baada ya kutoka karamuni, akafa wiki hiyo. Hospitali ilisema ni homa. "Nami ninasema homa," anasema, na uzi unakatika mkononi mwake. "Lakini tangu siku ile sinywi kitu ambacho sikukiona kikifunguliwa."

Basi siku ya Pentekoste aliitazama glasi, akaitazama chupa. "Onja kwanza, Marcellin."

Marcellin akacheka. "Weye Émérance! Tuko Uvira hapa, hatuko mu pori."

"Najua. Onja."

"Wazungu hawaogopi kinywaji cha rafiki."

"Mimi siko Muzungu. Onja kidogo tu, tunywe."

Marcellin hakuonja. Émérance akairudisha glasi mezani. Hakuna aliyesema harufu ya kitu chochote siku ile.

Nyumbani kwake, Marcellin anaeleza haraka, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Bosi wake hufungua divai nyekundu mapema ili ipate hewa. Na mgeni wa heshima humiminiwa kwanza. "Nilimpa heshima, akanifanya muuaji. Mbele ya bibi yangu!"

Maelezo hayo yanahusu kizibo. Kuhusu kuonja hayasemi kitu. Anapoulizwa kwa nini hakunywa hata tone ili yaishe, Marcellin anatazama dari kwanza.

"Ningeonja, ningekuwa nimekubali kwamba minye muchawi."

Chupa bado ipo kabatini, imepungua glasi mbili tatu tu. Je, tangu Pentekoste kuna aliyeionja? Charlotte anajibu kabla mumewe hajafungua mdomo.

"Haijaguswa. Inangoja msamaha."

Inawezekana ni hivyo. Inawezekana pia kwamba mwanamke wa Kiringye hawezi kunywa chupa ambayo mwenyewe hakuiona ikifunguliwa, hata iwe ya mumewe. Hakuulizwa, na kabati lilifungwa kwa ufunguo.

Huku Songo, jua linafika barazani, na Ernestine anaingia akifuta jasho. Ametumwa, na haoni haya kumwambia Émérance, ambaye humwita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, sema samahani tu, tumalize. Neno dogo. Nguo za kwaya zibaki kwako."

"Nani amekutuma? Charlotte?"

"Wote. Hata Gratien. Anasema umeharibu kundi."

"Gratien alikunywa divai ile?"

Ernestine anavuta kiti. "Gratien alisema tumbo linamuuma."

"Tumbo lilianza lini?"

"Uliposema 'onja'."

"Na weye, mdogo wangu? Glasi yako ilikuwa tupu tulipoondoka. Niliiona."

Ernestine anachezea ncha ya kitenge chake. Njiani mwanamke anapita na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, wanasalimiana naye, wanangoja apite.

"Niliimwaga mu chungu cha maua ya Charlotte," anasema Ernestine kwa sauti ya chini. Kisha kicheko kinamtoka, anaziba mdomo kwa kiganja. "Lakini sikusema kitu, yaya! Weye ulisema!"

"Ndiyo. Mimi nilisema."

Émérance anasimama. Anasema kesho ni zamu yake, na amekwisha kununua chupa, Beaujolais ile ile ya mapera. Ataiweka mezani na kizibo chake, atamwomba Marcellin mwenyewe akikague, ataifungua hapo hapo na kunywa wa kwanza. Anayetaka kuja, mlango uko wazi. Chumba cha kufuli kitangoja msimu mwingine. Suruali za watu wa bandarini hazitakwisha.

Kisha anachukua kitambaa cha buluu juu ya kiti, jora moja baada ya jingine, anakipanga vizuri mikononi mwa Ernestine mpaka kinamfika kidevuni.

"Yaya, hiki ni chakula chako."

"Mpelekee Charlotte. Mwambie kiko kizima, akipime."

"Na samahani? Nimwambie nini Marcellin?"

Émérance amekwisha kukaa tena kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio.

"Mwambie siombi," anasema. "Kesho siombi, na Jumapili nyingine siombi."