Walivyotumalizia Mchezo

Nianze na waliokosa, maana nikianza na mengine hasira itanipoa. Wa kwanza ni yule aliyeandika msimu wa mwisho wa tamthilia ile. Simjui jina wala nchi, lakini popote alipo ajue kuna nyumba mtaani kwetu Madungu aliingiza fitina bila ya kubisha hodi. Mwengine ni nahodha aliyepakia saruji pamoja na watu tulipokuwa tunavuka kwenda harusini kisiwani Kojani. Huyo namjua. Yupo Wete, mzima, anauza vipuri vya pikipiki, na akiniona sokoni huinama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Na mwengine ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye mchezo huo tuliuangalia nyumbani kwake tangu mwanzo hadi mwisho.

Chombo kilipinduka mchana, jua kali, nchi kavu tunaiona. Mume wangu alikuwa na kanzu ya harusi, mimi nina baibui. Lilikuwapo dumu moja tupu, likaelea karibu yetu. Yeye ndiye aliyelishika mwanzo. Akanisukumia, akaniambia, "Kumbatia, usiachie." Nikalikumbatia. Watu wa Kojani walipofika walinikuta mimi na dumu, na yeye hawakumkuta mpaka kesho yake.

Wifi yangu hakuwapo, lakini msibani yeye ndiye aliyekuwa akisimulia. Dumu lilikuwa la kaka yake, mke kamnyang'anya. Alilisema mara ya kwanza jikoni, watu wakaguna tu, akalisema tena mbele ya wageni. Mwisho likawa ndiyo habari yenyewe.

Hayo ya wifi niliyazoea. Kilichonikaa kooni ni mama yao, mkwe wangu. Aliyasikia maneno yale na asiniulize. Nikimwamkia huitika vizuri, nikimletea muhogo hupokea na kuniombea dua, lakini habari ya majini hakuitaja hata siku moja. Na mimi sikuweza kuianza. Kwetu sisi huwezi kumkalisha mama mzazi ukamsimulia mwanawe alivyokufa, naye hakukuuliza. Ni utovu wa adabu, tena utaonekana unajitetea. Basi nikawa nangoja aniulize. Eda ikaisha, mwaka ukapita, na mwengine, nangoja.

Tamthilia niliikuta palepale kwa wifi, maana mkwe wangu anaishi kwake na mimi nilikuwa nakwenda kumtazama. Ni mchezo wa ukoo mmoja wa matajiri wa nchi za mbali, umetiwa sauti za Kiswahili. Mwanzo wake nyumba inaungua moto. Baba anafia ndani, mama anatoka mzima na nguo zake za kulalia. Ndugu wa mume wanasema kamwacha mumewe makusudi. Yeye anaapa kuwa hakumwacha. Wanamfukuza, anaapa. Wanamnyima watoto, anaapa. Misimu na misimu anaapa.

Mimi skuli niliacha mapema, mambo ya kuchambua michezo siyajui. Nilimwona mama yule nikajiona mimi, basi. Nikasema moyoni, mchezo huu hauwezi kwisha ila wamsafishe, vyenginevyo wametuweka miaka yote hiyo kwa nini? Na siku atakayosafishwa mkwe wangu atakuwa amekaa pale kwenye mkeka, na mimi pembeni yake, na huenda akanigeukia akaniuliza. Nilichokuwa nakitaka kwenye televisheni ile ni hicho tu.

Sisi tulikuwa watu wa marudio, Jumamosi baada ya adhuhuri, maana usiku wenye waume wana waume wao na chakula chao. Tulikuwa wanne. Wifi, mkwe wangu, mimi, na jirani mmoja fundi cherehani ambaye mdomo wake hauna kufuli. Mkwe wangu macho yana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu, kwa hiyo yeye mchezo anausikiliza. Kila mtu anamjua kwa sauti yake.

Msimu wa mwisho ulitukuta kwenye karafuu. Mume wa wifi ana shamba, magunia yanaletwa nyumbani mabichi, na sisi tunakaa kuzunguka tungu, rundo zima lililomwagwa mkekani, tunachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vile vikonyo vyake, kule. Mikono inajua kazi yake, macho yapo kwenye televisheni. Mkwe wangu ndiye aliyekuwa akichambua safi kuliko sote, kwa vidole tu. Sisi wenye macho tulichanganya makonyo na karafuu mpaka mume wa wifi akauliza kama tunamfanyia makusudi.

Kwa kweli msimu ule ulitutia wazimu. Waandishi walikuwa kama watu wanaokimbilia boti. Mtoto alizaliwa Jumamosi hii, Jumamosi ya pili kavaa sare za skuli.

"Huyu si wa juzi huyu?" jirani akauliza. "Mie sijamaliza hata kumshonea nguo ya arubaini!"

"Maziwa ya kwao yana mbolea," wifi akasema.

"Na yule kaka yake aliyekwenda kusoma ng'ambo? Mbona hawamrudishi?"

"Yupo kiwanja cha ndege, masikini. Anangoja begi lake."

Tulicheka, lakini tulikuwa tumekasirika. Bibi aliyekuwa kiwete alionekana anapanda ngazi na hakuna aliyeshangaa ndani ya mchezo. Wakili tuliyemzika kwa macho yetu akarudi na masharubu, akaitwa jina jengine. Kubwa lililotukera ni sauti. Mama wa mchezo tangu zamani alikuwa na sauti nzito, ya polepole, kama mtu mwenye mafua. Msimu wa mwisho akafungua mdomo ikatoka sauti nyembamba, inakwenda mbio.

"Yakhe, kameza filimbi?" jirani akasema.

"Wamebadilisha msomaji," wifi akamjibu. "Wa mwanzo labda kaolewa."

Tukazoea. Wenye macho wanazoea upesi, maana uso ni uleule.

Jumamosi ya mwisho hata umeme haukukatika. Wifi alipika kahawa na kashata kama kuna shughuli. Mama wa mchezo akasimamishwa mbele ya jaji, na mimi mikono ilikuwa imesimama kwenye karafuu, nasubiri. Jaji akamuuliza. Mama yule akainua uso, akasema, kwa ile sauti yake ya filimbi, kuwa mlango aliufunga yeye. Aliufunga kwa nje, na mume yuko ndani. Akachukuliwa, majina ya watu yakaanza kupanda, kwisha. Kwa nini aliufunga, hawakusema. Alikuwa anaapa nini miaka yote hiyo, hawakusema.

Jirani aliruka juu, karafuu zilizokuwa mapajani mwake zikamwagika.

"Mlango ulikuwa wazi! Wallahi nimeuona mie! Alitoka nao unapigapiga kwa upepo! Si mlikuwapo nyie? Walituonyesha wenyewe!"

Na kweli walituonyesha. Mwanzo kabisa, mlango wazi, moshi unatoka. Hawa watu walisahau mchezo wao wenyewe, sisi wa Madungu ndio tuliokuwa tunaukumbuka.

Wifi yeye hakuruka. Alikuwa anatabasamu.

"Mie nilimjua zamani," akasema. "Mke gani kafiwa na mume, hata wiki haijesha yuko hotelini, midomo myekundu? Hakukaa eda yule."

"Ebo! Wale eda wataijulia wapi?" jirani akasema. "Hata kuoga hatujawaona wakioga."

"Tuyaache ya eda. Lakini mtu akitoka salama na mwenziwe kafa mlemle, mie siulizi tena. Hapo pana jambo."

Hakunitazama. Alichukua karafuu moja, akaikonyoa taratibu. Jirani naye, yule asiye na kufuli, akageuka kutazama matangazo. Kwenye televisheni walikuwa wanatangaza sabuni.

Mimi nilikuwa na majibu mengi, ningeyasema yote kwa mpigo. Lakini mkwe wangu yupo. Nikaanza kuzikusanya karafuu za jirani zilizomwagika, nikiwaza kuwa sasa kwisha. Miaka yote nimekaa hapa nangojea mwanamke wa kwenye kioo anisafishe, naye kanitia matope. Na mkwe wangu kasikia kila kitu.

Mkwe wangu alisikiliza mpaka tangazo la sabuni likaisha. Kisha akauliza, "Yule mama wa mwanzo wamempeleka wapi?"

"Yupi, mama?" wifi akasema.

"Yule mama mwenyewe. Mwenye sauti ya mafua."

"Si ndo huyu aliyefungwa sasa hivi!"

"Huyu wa filimbi? Huyu kaja juzi juzi tu, mie nilidhani mke mwenza. Nasema huyu ndiye kafunga mlango, na yule wa mwanzo kapotea, hakuna hata mmoja anayemtafuta. Mchezo gani huu?"

Jirani akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Wifi akaeleza kwa sauti kubwa, kama vile mama yake ana uziwi na si macho, kuwa mtu ni yuleyule, uso uleule, ila anayemsemea kabadilishwa.

"Wamembadilisha sauti, halafu huyo wa sauti mpya ndo akakiri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi yule wa mwanzo hakukiri. Mie nimemsikiliza miaka yote kwa masikio yangu. Kaapa kuwa hakufunga, na mlango huyu jirani kauona uko wazi. Hao wamemsingizia."

"Mama, ni mchezo tu!"

"Mbona wewe hukusema ni mchezo tu, uliposema hapo pana jambo?"

Mkwe wangu akaweka chini karafuu zake, akapapasa mkeka mpaka mkono wake ukafika kwenye goti langu.

"Na huyu," akasema, "huyu mie sijamsikia hata siku moja. Nakusikieni nyie tu mnamsemea. Zima hiyo televisheni."

Wifi akazima. Mkwe wangu akaniuliza palepale, mbele ya jirani, "Mwanangu alifanyaje majini?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miaka, na hapo hata moja sikulipata. Nikamwambia tu ilivyokuwa. Kuwa yeye ndiye aliyelishika dumu. Kuwa dumu halikuwa na kifuniko, lilianza kuingia maji, akavua kofia yake akaisokota akaziba mdomo wa dumu, akanisukumia. Kuwa kanzu ilikuwa inamzunguka miguuni. Kuwa aliniambia nikumbatie, na nilipogeuka kumtafuta ilikuwa ni saruji tu inayatia maji weupe.

"Kofia gani?" akauliza.

"Ile iliyotariziwa viua vya kahawia, mama. Ya harusi."

"Niliishona mie ile."

"Naijua, mama. Waliponitoa ilikuwa bado imo mdomoni mwa dumu."

Wifi akadakia, "Kofia inaweza kuingia yenyewe, maji yanasukuma kila kitu."

"Kofia haijisokoti," mkwe wangu akamwambia. "Wewe ulikuwapo?"

"Sikuwapo, lakini watu walisema—"

"Watu gani? Nimeishi nawe nyumba moja. Sijasikia aliyesema ila wewe."

Mkwe wangu hakulia na mimi sikulia. Aliniuliza tena kama alionekana anaogopa, nikamwambia hakuonekana anaogopa, alikuwa na haraka tu. Akasema, "Ndivyo alivyo." Kisha ikaadhiniwa alasiri, tukainuka kutawadha, na karafuu zile zilichambuliwa siku ya pili.

Wifi hakubadilika. Huwaambia watu kuwa mama kazeeka, hata mchezo hakuuelewa. Na la mchezo anasema kweli, mkwe wangu hakuuelewa. Mpaka leo anaamini mama mwenye mafua alikuwa mtu mwengine, na waandishi walimficha wakaleta mke mwenza ili wamalize haraka. Jirani alijaribu kumuelewesha mara mbili akashindwa. Mimi sikujaribu. Na mwandishi yule simsamehi, maana hakuna alichokusudia chema. Aliharibu kazi yake mwenyewe, na mimi nilipata changu kwa sababu tu mtu fulani huko kwao alibadilisha msomaji.

Hitima ya mume wangu, kisomo cha kumwombea, miaka yote ilisomwa kwa wifi, na mimi nilikwenda kama mgeni, nikapewa sahani yangu ya pilau pamoja na wageni. Mwaka huu mkwe wangu alisema isomwe kwangu. Nina chumba na ua mdogo tu, nikaazima mikeka kwa jirani. Aliletwa kwa bajaji tangu asubuhi, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Wifi alikuja kisomo kikiwa katikati, akakaa nyuma.

Walikuwapo wageni wapya, wakwe wa mtoto wa wifi, watu wa Wete, hawatujui. Baada ya dua, mmoja wao, mwanamke wa makamo kama mimi, akamsogelea mkwe wangu kwa heshima akampa pole. Akamuuliza marehemu aliumwa nini.

"Hakuumwa," mkwe wangu akasema. "Alikufa maji."

"Innalillahi. Ilikuwaje, bi mkubwa?"

Wifi alikwisha kufungua mdomo. Mkwe wangu akainua mkono wake, hakumgeukia, akaelekeza kwangu, mimi niliyekuwa nimeinama juu ya sufuria na mwiko mkononi.

"Mkewe yule pale," akasema. "Muulize yeye. Yeye ndiye aliyekuwapo."

Yule mgeni akaja akaniuliza, na mimi nikaweka mwiko chini nikamsimulia.