Beberu wa Katekista

Kwa Mama Gladness, muuza mbege, pombe ya ndizi na ulezi, huko Kibosho, neno hadithi lilikuwa kama tusi. Mzee Theodory, mteja wake wa siku nyingi, akifungua mdomo tu, mama humkata: “Baba, hadithi hazinunui ulezi.”

Jumapili moja mama huyo alichelewa kutia ulezi, misa ikaisha mbege bado changa. Wateja wakaanza kuitupia macho grosari ya jirani, neema mpya ya soko huria, yenye bia baridi. Theodory akakohoa, akawapa kisa cha katekista aliyekemea shetani usiku kucha, kumbe ni beberu wake. Wakacheka, wakabishana, hadi jua likainama na mbege ikatoa povu.

Mama Gladness akaonja kwanza, kama ilivyo ada, kisha akamkabidhi mzee kata iliyojaa.

“Asante, baba. Na yule beberu aliishia wapi?”

“Ngoja ninywe, mwanangu. Hadithi yake ndefu.”