Mama Boaz na Siku za Dresa

Katika shamba lile la kahawa nje ya Ruiru, mwaka wa hamsini na tano, hakuna aliyemshinda Selpha kuchuma. Alitoka Bunyore na mumewe, Nicanor, aliyefanya kazi kiwandani Thika na kurudi Jumapili tu. Kwenye laini za nyumba za wafanyakazi alijulikana kama Mama Boaz, na Boaz mwenyewe alikuwa na miaka minne.

Jumatatu mtoto akashikwa na homa. Akatetemeka mpaka meno yakagongana, kisha akaungua, kisha akalowa jasho. Jumanne, siku ya dresa, Selpha akaomba ruhusa, akambeba hadi kibanda cha dawa. Simeon, dresa, yaani mganga msaidizi, aliyezunguka mashamba matatu kwa baiskeli, akamtia mtoto kipimo kwapani, akakisoma.

"Hii mtoto iko sawa, mama. Kama hakuna homa, hakuna kwinini."

"Jana alikuwa moto, daktari."

"Mimi napima ya leo."

Kanuni ni kanuni, na Simeon aliipenda yake kuliko alivyowapenda wagonjwa. Jumatano homa ikarudi. Alhamisi, siku nyingine ya dresa, mtoto akaamka baridi, akaomba hata uji. Selpha alimpeleka vilevile. Safari hii Simeon alimwita nyapara, Kisilu, akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba mama huyu anatega kazi. Yeye, aliyejaza kikapu kabla ya wenzake kufika nusu! Aliona aibu hadi machozi yakamtoka.

Waliosoma wangesema ni malaria. Selpha aliiita homa ya kuruka siku, na alikuwa sahihi kabisa. Ilimla mtoto damu. Viganja vikawa vyeupe, na chini ya mbavu za kushoto tumbo likawa gumu, hataki kuguswa.

Jumapili Nicanor alimkuta mtoto akiungua. Akahesabu kwa vidole, uso ukamfunguka kidogo.

"Jumanne, Mama Boaz. Jumanne homa itaangukia siku ya dresa. Ataiona kwa macho yake."

Ni jambo chungu mzazi kuombea homa ya mwanawe isichelewe. Selpha aliiombea. Na Jumanne asubuhi ikaja kweli, kali kuliko zote. Akamkimbilia Kisilu.

"Leo hapana," Kisilu akasema. "Dresa alisema wewe unatega. Ukitoka, nakata tiketi yako ya kazi, mnahama laini."

Kuhama kwenda wapi, wakati huo wa hali ya hatari, bila pasi ya kusafiria? Selpha akarudi kwenye mibuni. Akachuma. Saa sita alimwona Simeon akipita barabarani na baiskeli yake, amemaliza. Hilo hakujisamehe maisha yake yote, ingawa wa kulaumiwa walikuwa wengine.

Alhamisi, homa iliporudi, hakuomba ruhusa. Alitupa kikapu chini, akambeba Boaz katika shuka na kukimbia. Njiani mtoto alishusha pumzi moja ndefu, kichwa kikalala begani. Selpha hakusimama. Alipanga foleni ndefu, akangoja zamu yake huku mtoto akipoa begani.

Simeon, bila kuinua macho, akaingiza mkono ndani ya shuka, akabana kipimo kwapani. Akangoja. Akakitoa, akakisoma.

"Hata leo hana homa, mama."

"Ni kweli, daktari," Selpha akasema. "Leo hana."