Aliuliza Kama Pesa ya Mazishi Inalika

Swali liliingia kwenye group yangu asubuhi, na kabla sijamaliza chai watu walikuwa wameshalirukia.

"Nimeshika pesa ya mazishi ya watu. Nikiitumia kwa kitu ingine, ni wizi?"

Basi. Hakuna salamu, hakuna maelezo. Jina la akaunti ni "Busia Njugu", na picha ni ya gunia.

Wueh! Matusi yaliyomshukia hapo siwezi kuyarudia. Mwizi. Fisi. Mchawi. Osire, ambaye kila mara ananiomba ushauri wa kulipa deni la pikipiki na halilipi, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kulaani.

Mimi naitwa Syprose. Nabadilisha pesa hapa Busia, upande wa Kenya. Group niliianzisha Facebook kwa sababu nilichoka kuona watu wakishauriwa ovyo. Mtu anaandika "nina milioni tatu, nifanye nini?" na wajuaji wanamwambia ajenge nyumba za kupangisha, kumbe ni milioni tatu za Uganda, ambazo kwa shilingi za Kenya ni kama laki moja. Hiyo nyumba itaishia kwenye msingi.

Kwa hiyo sijibu mpaka nijue. Pesa ni ya upande gani, ni ya nani, imetoka wapi, itahitajika lini. Wengine hukasirika, "Kwani wewe ni CID?" Sijali. Hata daktari ukimwambia "naumwa" tu, lazima akuulize wapi.

Huyu nilimfuata inbox. Sikwenda kwa huruma, nisiwadanganye. Nilikwenda kumchimba vizuri kisha nimwanike mbele ya watu.

"Pesa ni ya Kenya ama Uganda?"

"Imechanganyika. Ndugu iko pande zote."

"Ilichangwa ya nini hasa?"

"Ng'ombe, tenti, sanduku, chakula ya wageni."

"Wewe ni wa huo ukoo?"

"Wao wanajua mi ni mteja wa njugu tu. Wenyewe hawaaminiani, wakasema mtu wa nje ndo ashike."

Nikasonya. Ukoo mzima hauna mtu mmoja wa kushika pesa, halafu wanampa mwizi.

"Mazishi ni lini?"

"Hawajaweka siku."

"Mwili uko mochari gani?"

Nikamimina kikombe cha pili. Nikadhani amekimbia.

"Haiko mochari. Iko wodi. Tororo."

Niliweka simu mezani. Nikaichukua tena nikasoma upya.

"Unaniambia marehemu ni mgonjwa?"

"Eeh. Iko na uvimbe kwa tumbo. Daktari alisema bila operesheni haponi. Waliombwa ya operesheni, kila mtu akasema hana. Wakaanza kuchanga ya mazishi. Hiyo walipata."

Jamani!

Nimezaliwa huku, najua tabia zetu. Kwetu mgonjwa hana ndugu, ila marehemu ana ukoo mzima. Mtu hakuletei hata Panadol, lakini siku ya kukuzika anang'ang'ania maikrofoni aseme jinsi mlivyopendana. Hayo nimeyazoea. Lakini kuchanga kabla? Kufa kufaana, sawa, wahenga walisema, ila angalau wao walingoja mtu afe.

Na sasa huyu naye, nikawaza, anataka kuwala hao wanaomla mgonjwa.

"Unataka kuitumia kwa nini?"

"Operesheni."

"Ya nani?"

"Ya marehemu."

Matusi niliyokuwa nimeyapanga yote yakakosa pa kwenda. Nikauliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo.

"Wewe ni nani kwa huyo mgonjwa? Niambie ukweli, la sivyo sijibu."

Aliandika, akafuta. Akaandika, akafuta.

"Ni mimi, dada."

Jina lake Elinah, mjane kutoka kijiji cha Paya, upande wa Uganda. Anauza njugu huku kwetu, ndiyo maana ana simu mbili, moja ya Uganda na moja ya Kenya. Laini ya Kenya ilisajiliwa na rafiki yake Mkenya kwa kitambulisho chake, na kwenye simu ya Uganda ameiandika "Busia Njugu", kama mlango wa biashara.

Alipolazwa, shemeji yake Obbo alichukua ile simu ya Uganda, ati apige simu kwa ndugu. Akakusanya kila namba aliyoikuta humo, akafungua group ya WhatsApp ya kamati ya mazishi. Namba zote, pamoja na Busia Njugu.

Kwa hiyo mgonjwa alikuwa amelala kitandani, simu ya pili iko chini ya mto, anasoma wanavyobishana rangi ya fulana za maziko yake. Alisoma wakisema operesheni ni kutupa pesa. Alisoma wakisema Obbo asishike mchango kwa sababu ule wa mwisho aliunywa. Mtu akauliza, je, Busia Njugu? Mwingine akasema Wakenya huogopa pesa ya maiti. Elinah akajibu kwa neno moja tu: "Sawa."

Wakamtumia yote.

"Daktari wa kupasua anatoka Kampala kesho," aliniandikia. "Nisipolipa kesho, anarudi mwezi ingine. Sista aliniambia huo mwezi sitafika. Lakini dada, mi naogopa. Watu nasema pesa ya maiti inaua."

"Maiti yuko wapi?"

"Hayuko."

"Basi hiyo ni pesa tu. Nitumie, naibadilisha, naileta."

Siku iliyofuata nilivuka mpaka na pesa imefungwa ndani ya leso kiunoni, nikaenda Tororo.

Pale kwenye ujia wa wodi nilimkuta mwanamume amevaa koti, anaongea na simu kwa sauti ya mnadani.

"Huyo ng'ombe dume amekonda, bwana! Punguza. Sisi tunaweza kumchukua hata Jumamosi, mambo iko karibu."

Nesi akapita. Akaziba simu kwa kiganja. "Sista, bado?"

Bado! Mgonjwa alikuwa kitanda cha pili kutoka mlangoni, macho wazi, anasikia kila kitu. Nimeona uchafu mwingi hapa mpakani, nimeona watu wakiuza mahindi yaliyooza na maziwa ya maji. Lakini mate yalinijaa mdomoni na nilitafuta mahali pa kutema.

Obbo, maana ndiye huyo, akanigeukia. "Mama, wewe ni nani?"

Nikasema lililonijia. "Mimi ni wa Busia. Wa njugu."

Uso ukamng'aa. "Ndo wewe umeshika pesa yetu! Asante sana, mama. Nyinyi watu ya Kenya ni waaminifu. Kaa nayo tu, karibu tutaitaka."

"Nimekaa nayo," nikamwambia.

Nikampita, nikamshika Elinah mkono. Ulikuwa wa moto. Alinikazia vidole. Kisha nikaenda kwa keshia nikalipa kila kitu, Obbo akiwa bado anabishana na mwenye dume.

Uvimbe ulitolewa. Elinah akaanza na uji, kisha ugali, akarudi Paya kwa miguu yake. Obbo aliambiwa kuna msamaria amelipa. Hakuuliza msamaria gani. Alichofanya ni kuitisha kikao cha ukoo nyumbani kwa Elinah, ati kwa kuwa mambo yamebadilika, Busia Njugu aje arudishe mchango.

Nilikwenda kwenye hicho kikao, maana niliogopa wangemla Elinah mzima.

Ukoo ulikuwa umejaa. Waliokosa nafasi ya kumtembelea wodini, siku hiyo wote walikuwa na nafasi. Obbo, kama mwenyekiti, akasimama.

"Mambo ni moja tu. Tunataka huyu mama wa Kenya atupe hesabu."

Elinah akatoka ndani ya nyumba polepole, ameshika mshono wake.

"Huyu mama hana pesa yenu. Busia Njugu ni mimi. Nilikuwa ndani ya group tangu siku ya kwanza. Nimesoma yote."

Mwanamke mmoja wa ukoo alijifunika uso kwa kitenge, akaanza kulia.

"Operesheni nimelipa," Elinah akaendelea. "Kumbe kuzikwa ni ghali kuliko kupona, kwa hivyo ingine imebaki. Iko hapa mkononi. Kila mtu aje achukua yake, sitamkataza. Lakini kwanza asimama hapa mbele yangu, aseme kwa mdomo yake ilikuwa ya nini."

Hakuna aliyeinuka. Wazee walitazama viatu vyao. Nikafikiri, ahsante Mungu, hawa watu bado wana aibu.

Obbo akaja mbele.

Mchango wake ulikuwa mdogo kuliko wa wote. Akakohoa, akarekebisha koti.

"Shemeji, usichukua vibaya. Yangu ilikuwa ya sanduku."

Elinah akamwekea noti mkononi. Obbo akazihesabu palepale mbele yetu, akazirudia kuzihesabu, akazitia mfukoni. Halafu akavua kofia, akatuomba sote tusimame tufunge kikao kwa sala.

Mimi sikusimama.

Ndugu zangu, mtu akija na swali la pesa, msiwe wepesi wa kumtukana kama tulivyofanya kwenye group. Mwulizeni mpaka mjue ni nani anayeumia. Na kama una mchango wa mtu, mpe wakati bado anaweza kukwambia asante. Kama huna, kaa kwako.