Mashini Inahesabia kwa Zero

Kanisa nzima, hapa Ibanda, ilinisikia kwenye baffle, zile spika kubwa, nikimwambia muke wangu: "Papa Déogratias anaimba sawa mbuzi ya kufungwa." Papa huyo ni mukubwa wa korali. Alikuwa anaimba solo yake, na hakuna aliyemusikia.

Mimi ndiye ninaongozaka sauti. Vita ilinikatia masomo mu mwaka ya ine ya primaire, lakini ile kompyuta ndogo ya kuenea mu kiganja, na karte ya sauti ya mikro munane, niliunga kwa mikono yangu. Sauti iko safi kupita parokia zote!

Mikro ya kwanza ni yangu, ya pili ni ya solo. Nilitaka kufunga yangu, nikaandika moja mu programu ya kompyuta. Kumbe mashini inaanzia kwa zero, moja yake ni ya pili. Nilifunga solo, yangu ikabaki wazi.

"Toka kwa mashini, papa," maman mumoja wa korali akanipandishia sauti. "Hata kuhesabu haujue!"

Ninajua sana. Injeniere Patrice ndiye alitengeneza ile programu, akaniachia bila kunionya. Mbele ya kunitosha kwa mashini, aje yeye mbele ya korali, ajibu: mutu gani anahesabia vidole vyake kwa zero?