Kidole Ambacho Rumaisa Hakukiosha

Saa moja asubuhi, Rumaisa Ubaid anamsugua bibi mzee, Shosho Wanjugu, miguu ndani ya karai la maji moto, na shosho hatulii. Leo anapelekwa Mau Narok kuliona shamba lake la viazi, lile lililobakia kidogo tu aporwe.

"Shosho, tulia basi, utanimwagia maji," Rumaisa anamwambia, ingawa yeye mwenyewe hawezi kuacha kucheka. Furaha imeijaa nyumba hii ya wazee viungani mwa Nakuru, hata mpishi ameacha uji jikoni kuja kuchungulia.

Rumaisa, mzaliwa wa mtaa wa Bondeni, huogesha wazee. Kazi hiyo wengi huidharau, lakini anayekuogesha humfichi kitu. Jioni moja mwaka jana alikuta kidole gumba cha Wanjugu kina wino wa zambarau.

Mchana huo mpwa wa shosho, Kihara, alikuwa amekuja na mandazi na karatasi. Alimwambia aweke kidole apate pesa za wazee. Wanjugu, ambaye macho yake yamefifia, akaweka.

"Mimi nimekulia kwa hina, najua rangi ya sherehe," asema Rumaisa. "Hiyo haikuwa ya sherehe. Nikamwogesha mwili mzima, nikaacha hicho kidole."

Alikifunga kwa kitambaa mpaka kesho yake. Msimamizi wa nyumba alisita, akisema mambo ya familia hayaingiliwi. Rumaisa hakubanduka mlangoni pake hadi msimamizi huyo alipompigia simu wakili wa msaada wa kisheria.

Wakili alikipiga picha kidole, akagundua kuwa karatasi ile ilikuwa ya kuhamishia shamba kwa Kihara, kisha akawaeleza kwamba Katiba, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, hata na jamaa yake. Shamba likawekewa kizuizi lisiuzwe. Pesa za kulikodisha ndizo humlipia Wanjugu kitanda hapa. Lingeuzwa, hangekuwa na pa kulala.

Wiki iliyopita mahakama ilifuta uhamisho ule wa shamba. Kihara hajaonekana tena, yeye na mandazi yake.

Sasa Rumaisa anataka kuzunguka nyumba nyingine za wazee, awafundishe waogeshaji wenzake kutazama vidole kabla ya kumwaga maji.

Nje, gari limeshawashwa. Wanjugu ananyoosha mikono ikaushwe.

"Nikitoka shamba nitakuwa na matope mpaka kwa kucha," anamwambia Rumaisa. "Jioni uoshe vidole vyote."