Ukoka wa Zengo

Zengo alikuwa na roho mbaya, tusimpake mafuta. Watoto wa Bariadi waliijua fimbo yake kabla ya kulijua jina lake. Ukichungulia tu penye minyaa iliyoizunguka nyumba ya Bwana Pamba, yule Mzungu msimamizi wa ununuzi wa pamba, fimbo ilikuwa imeshakufikia mgongoni. Mbuzi aliyeingiza kichwa pale alirudi kwao akichechemea. Na yote hayo kwa ajili ya majani.

Haki yake tumpe lakini, majani yale aliyatolea jasho. Bwana alikuja na mbegu za kwao akazimwaga kwenye udongo wetu mweusi wa mbuga, ule unaokuvua kiatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kumeza mkono wakati wa kiangazi. Zikachipua, zikanyauka, kwisha habari. Bwana akanuna siku kadhaa, kisha akaamuru uletwe ukoka wa mtoni. Zengo akaung'oa kingoni mwa Simiyu akaubeba kichwani kwa magunia. Akachanganya mchanga na samadi kwenye ule weusi, na mvua za kwanza ziliposhuka akapiga magoti akachomeka kipande kimoja kimoja. Mwaka uliofuata kiwanja kizima kilikuwa kijani, na Zengo akawa na mahali pa kujivunia duniani.

Kiangazi hakuufyeka. Ukoka ukifyekwa jua linapowaka, mizizi inaungua, kwa hiyo aliuacha urefuke ujifunike wenyewe. Aliumwagia maji jioni, akaziba mianya yote kwa miiba.

Sasa, mtu wa Usukuma akiona majani marefu yamezungushiwa miiba kiangazi, atawaza nini? Mapambo? Thubutu. Ataona ngitili, malisho yanayofungwa tangu mvua, yasiguswe na mtu, mpaka njaa ya ng'ombe ikaze ndipo mwenyewe afungue, yeye na ndugu zake. Ndivyo alivyoona Nyanjige, dada yake Zengo, mjane wa kule Migato, alipokuja kumtembelea wakati wa mavuno.

"Ng'wana mayu," alisema, mwana wa mama yangu, huku akiyashika yale majani kwa mikono miwili. "Kumbe una ngitili."

Zengo angesema neno moja tu. Angesema, dada, hii ni ya Bwana, ni ya kutazamwa. Lakini kwao Migato alijulikana kama mwanamume asiye na hata ndama, na leo dada yake anamtazama kama mtu mwenye boma. Kichwa kikamvimba.

"Ipo," akasema. "Kiangazi kikibana, mlete ng'ombe wako."

Nyanjige alikuwa na ng'ombe mmoja, mwekundu, mwenye mimba. Mume hakuacha kingine. Maziwa ya huyo na ndama wake ndiyo yaliyokuwa maisha ya mwanamke yule, hakuna la kuongeza.

Ukaja ule ukame wa hamsini na tatu. Majani ya Migato yakawa vumbi. Wachungaji wakakusanya mifugo waipeleke mbali, upande wa Meatu, wakapita kwa Nyanjige kumchukua na wake. Akakataa. Akawaambia, tena kwa maringo kidogo, kwamba wa kwake ana pa kwenda, mdogo wake ana ngitili Bariadi. Wakaenda zao. Akasubiri, maana ngitili haikimbiliwi mapema, ni aibu. Mifupa ilipoanza kuhesabika chini ya ngozi, akamfunga kamba shingoni, wakaondoka taratibu, wakalala njiani.

Walifika alasiri. Bwana alikuwa barazani anakunywa chai. Nyanjige akasimama nje ya lango angoje salamu, maana mdogo ndiye huanza. Zengo hakuanza.

"Umefuata nini?"

"Nimemleta."

Baraza haikuwa mbali. Zengo alijua kabisa kwamba dawa ni kwenda kumwomba Bwana. Lakini dada angesikia. Angemwona amevua kofia, anaomba majani aliyosema ni yake. Aibu hiyo hakuiweza. Wala msiniambie aliogopa kufukuzwa kazi, aliona haya tu, basi.

"Rudi naye," akasema.

"Nirudi naye wapi, Zengo? Wenzake wote wameshahama."

Ng'ombe hakungoja mazungumzo yaishe. Alishanusa ukijani. Akasukuma lango kwa kifua, akaingia, akang'ata tonge moja. Barazani Bwana akashusha gazeti. Zengo alipoona macho yale, akainua fimbo akampiga ng'ombe puani, akampiga kiunoni, akampiga tena.

"Ana mimba," alisema Nyanjige.

Alisikia. Akaendelea kupiga, Bwana aone kazi. Ng'ombe akageuka, akatoka na tonge lake mdomoni, akaanguka barabarani. Miguu ikataka kuinuka, ikashindwa. Jua lilipotua alikuwa amekufa, yeye na wa tumboni. Nyanjige akafungua kamba, akaikunja, akashika njia ya Migato bila kumtazama mdogo wake. Zengo akatafuta watu wa kuuburuta mzoga, maana Bwana hapendi harufu.

Asubuhi Bwana akamwita. Wageni wa pamba wangefika kutoka Mwanza, wangekaa nje, kwa hiyo majani yote yafyekwe. Zengo akasema jua litaunguza mizizi. Bwana akasema afyeke. Akafyeka mpaka adhuhuri, akayakusanya chini ya ukuta, rundo la kumfika kifuani, bichi, linanukia.

Bwana akatoka kulitazama, mikono mifukoni.

"Majani mengi haya, hasara kuyatupa," akasema. "Zengo, wewe humjui mtu mwenye ng'ombe? Mwambie aje achukue yote."

Zengo akatazama fyekeo lake.

"Simjui, bwana."

"Basi katupe shimoni."

Akaenda kuyatupa. Ilimchukua hadi jioni.